Gunia la Omena Lililolowa

Mvua ilianza Jumanne, saa kumi na moja jioni, nikiwa nimetoka tu shule na bado sijavua viatu. Mama alikuwa ameenda mtaa wa Kianda kuwapelekea wateja omena, wale dagaa wakavu anaouza. Gunia jipya lilikuwa chini ya kitanda, mahali pakavu zaidi kwetu. Nilisukuma matambara mlangoni, lakini mtaro wa nyuma ulifurika na maji yakapitia chini ya ukuta wa mabati. Nilipolivuta lile gunia, lilikuwa zito kama mtu.

Mama alirudi, akaingiza mkono ndani ya gunia. Omena ikilowa, kesho yake inaoza. Mtaji wake wote ulikuwa mle, pamoja na kodi na karo yangu. Hapa mtaani kwetu, Kisumu Ndogo, nimeona mvua moja tu ikirudisha familia nzima ushago, kijijini, watoto wakaacha shule.

Jirani yetu kutoka Machakos, anayekaanga chipsi, alichungulia.

"Aiya! Mnalilia nini na jiko langu linawaka?"

"Si wewe husema omena yetu inanuka?" mama akamuuliza.

"Inanuka! Tena ina macho mengi, yote yananiangalia mimi. Leteni kabla sijabadilisha mawazo."

Ile ya chini, iliyoguswa na maji ya mtaro, mama aliimwaga. Ya juu ilikuwa imeshika unyevu tu. Tuliikaanga bila mafuta, kidogo kidogo, kwenye karai la chipsi, mpaka ikawa inalia kama kokoto ukiigeuza. Jirani alijifunga leso puani, akaitukana omena yetu, huku akionja.

"Mbona unakula adui?" mama akamuuliza, akacheka.

Nilipomsikia akicheka, nilikaa juu ya kreti la soda. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitawaaga vipi wenzangu darasani.

Asubuhi mama alibaki akizoa matope. "Leo utauza wewe, kabla ya kwenda shule," akaniambia. Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza swali najibu nikiangalia dawati! Nilisimama kando ya njia na beseni, mdomo umefungwa, watu wakinipita.

"Sasa, siste," jamaa wa bodaboda akanitania, "unauza ama unalinda?"

Wenzake wakacheka. Nikavuta pumzi.

"Omena! Omena kavu ya kukaanga!"

Sauti ilitoka nyembamba, lakini mama mmoja aligeuka. Nikampimia kikombe, nikamwongezea kidogo, kisha nikaita tena, kwa nguvu zaidi.