Fundi Chini ya Turubai

Juzi nilikwenda Kariakoo kununua sufuria. Nilimkuta mama mwenye duka yuko nje anafundishwa kutumia turubai lake jipya la kivuli, lile la kuzungusha kwa hendeli. Fundi aliyelifunga alisimama pembeni, mikono nyuma kama msimamizi wa mtihani.

“Kulia linatoka, kushoto linarudi. Na mvua ikianza tu, mama, kunja. Maji yakituama juu linachanika.”

“Hata kama kuna watu chini?”

“Kunja. Watu watajijua.”

Mama akazungusha, kivuli kikafika katikati ya njia. Hata hatujakifaidi, mvua ikashuka na wapita njia wakajazana chini yake. Mama, mwanafunzi msikivu, akaanza kukunja. Kila akizungusha, sote tulisogea nyuma kimyakimya, macho kwenye mkono wake. Ukingoni kabisa, bega moja limeshalowa, alikuwa fundi.

“Mama,” alisema kwa upole, “ngoja kwanza ipungue.”

“Si umesema nikunje?”

“Nilisema nikiwa mkavu.”

Fundi akachukua ufagio wa dukani, akawa analisukuma turubai juu kutokea chini ili maji yamwagike, mpaka mvua ilipokatika.

Siku hizi nikimsikia mtu anawapangia wenzake utaratibu, kwanza namwangalia mabega.