Kulungu wa Theluji wa Yide Lu

Nilimtupia laoban, yule mwenye duka, mfuko mzima wa kengele za Krismasi kifuani. Sijutii. Hilo limetokea kweli, Yide Lu, mtaa wa mapambo hapa Guangzhou, mchana kweupe, mwezi wa saba, na linalofuata pia limetokea. Sina muda wa kutunga. Nina mtoto mchanga.

Sisi wa Kariakoo mapambo ya Krismasi tunayanunua mwezi wa saba, kontena liwahi. Ndiyo maana laoban alijenga chumba cha kioo chenye baridi, povu la theluji na taa zisizozimwa, halafu ndani akamfunga kulungu wa theluji, yule wa kuvuta gari la Baba Krismasi. Jike, mzima, anapumua! Siku hiyo alikuwa anamviringishia waya wa taa kwenye pembe, maana kwa hawa hata jike anazo. Nilidhani pembe ni ngumu kama kucha. Kumbe kiangazi bado ni laini, zina ngozi na damu. Damu ikatiririka. Nikamwambia aache, akacheka: "Pengyou, rafiki, piga picha!" Ndipo kengele zikaruka.

Nikaenda chooni kumnyonyesha Nasra wangu. Akaingia mwanamke, kavaa koti zito la manyoya, na joto lile la Guangzhou! Kila hatua vifundo vya miguu vinalia ko, ko. Kwenye paji la uso, damu mbichi.

"Mama Nasra," akasema, Kiswahili chetu kabisa, "wako ananyonya. Wangu wamemfungia stoo, ghorofa ya nne."

Nani alimwambia jina la mwanangu?

"Dada, umeumia," nikamwambia.

"Mwezi huu ningekuwa mlimani kwenye upepo, mbu wasitupate. Koti hili ningekuwa nimeshalivua. Kiangazi macho yetu ni ya dhahabu, giza la baridi likija yanageuka bluu. Hapa taa haizimwi. Macho hayajui yawe vipi."

Akaniangalia. Moja dhahabu, moja bluu.

Wewe ungekimbia? Mimi niliona aibu. Baridi ile tuliiagiza sisi.

Nikainama kumfunika mtoto, kuinuka, hayupo. Mlango haukulia. Kwenye blanketi la Nasra, kishungi cha manyoya meupe.

Nikapanda stoo. Nyuma ya maboksi ya nyota nikakuta ndama, kamba shingoni, analamba gundi ya boksi. Nikamkokota mpaka ndani ya chumba cha kioo. Alipoanza kunyonya, mama yake akageuza kichwa. Dhahabu, bluu. Niamini. Laoban akapiga kelele, "Bu xing!", haiwezekani, akamrudisha ndama stoo.

Tangu siku hiyo Nasra akinyonya nasikia ko, ko nje ya mlango wetu hapa Sanyuanli, tulikopanga. Nawe unayeagiza Krismasi mwezi wa saba, kabla hujasifia theluji ya duka, uliza ndani wamemfungia nani.

Kesho yake baada ya ugomvi ule nikapeleka barua ofisi ya wasimamizi wa jengo. Binti wa mapokezi akaisoma kwenye simu inayotafsiri, akaniangalia, akagonga muhuri. Barua yenyewe hii:

"Mimi ni mnunuzi na mama wa mtoto mmoja. Nalalamikia duka la mapambo la ghorofa ya kwanza. Wamemtenga kulungu na ndama wake anayenyonya. Nataka ndama arudishwe leo, waya utolewe kwenye pembe, taa zizimwe usiku, na wote wawili wapelekwe kaskazini kabla baridi ya kweli haijaanza. Aliyenipa taarifa: mama mwenyewe."