Kidonge cha Magoti Ndani ya Omena

Iko siku moja ambayo hata nikitaka kuisahau inakataa, mwanangu, na leo umenirudisha pale pale. Keti kwanza. Nimekuona ukitoka jikoni na kikombe cha maziwa, mkono mwingine umeufumba. Najua umeshika kidonge cha babu yako. Najua pia mbwa wako Chui analia na mguu tangu asubuhi, na hakuna mwenye moyo anayeweza kusikia kilio kile akatulia. Lakini nisikilize kabla hujainuka.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mke mpya katika boma hili hili, kando ya barabara ya Busia kwenda Bumala. Babu yako Wandera, huyo unayemwona anakoroma kitini mdomo wazi, alikuwa kijana wa boda boda. Si hizi pikipiki zenu. Ilikuwa baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, na alibeba watu na mizigo kutoka mpakani mpaka magoti yakawaka moto. Sasa vijana wote wa kazi ile walikuwa na mtindo mmoja. Walinunua paracetamol dukani kidonge kimoja kimoja, wakavifunga kwa karatasi na kutia mfuko wa shati. Waliviita dawa ya magoti. Mwenzako akilalamika mgongo, unampa. Abiria akilalamika jino, unampa. Kumnyima mtu dawa ndiyo ilikuwa roho mbaya, na hakuna aliyeuliza maswali.

Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mjane mwenye biashara ya mahindi. Alinunua kwa akina mama wa upande wa Uganda, akaweka magunia stoo, akauza Bumala siku ya soko. Mlinzi wa stoo alikuwa paka dume wa kijivu, jina lake Soja. Panya walimjua! Na si panya tu. Tangu mume wake azikwe, mama yule hakupata usingizi mpaka Soja apande kitandani na kujikunja miguuni pake. Alikuwa mkali kwa kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza, lakini akiongea na yule paka sauti yake ililainika. Nilimwogopa mama yule, wacha tu. Hata kukohoa mbele yake nilifikiria mara mbili.

Asubuhi hiyo, kabla ya kwenda sokoni, mama alikuwa ameenda kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Wandera akaleta gunia la mahindi, likamponyoka begani, likaangukia mguu wa Soja. Paka alipiga ukelele ambao mpaka leo naweza kuusikia, akajiburuta mpaka chini ya kitanda cha mama, akawa analia huko.

“Woi, mama atanimaliza!” Wandera akashika kichwa. “Huyu lazima anyamaze kabla hajarudi.”

Akatoa karatasi yake mfukoni, akavunja kidonge.

“Nampa nusu tu,” akaniambia. “Mimi nameza viwili na bado naendesha mpaka mpakani. Nusu itamfanya nini?”

Akakisaga kwa kijiko, akakichanganya na mchuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Soja na omena, mwanangu, hata awe mgonjwa vipi hakatai. Aliramba sahani yote. Baada ya muda kilio kikapungua, na Wandera akanikonyeza, akajiona daktari mzima. Akarudi barabarani kutafuta abiria.

Alipokuja kula chakula cha mchana, mama naye alikuwa amefika, anamwita Soja, na Soja haji. Tukamvuta kutoka chini ya kitanda. Sipendi kukutisha, lakini kwa hili nataka uogope. Mate yalikuwa yanamchuruzika. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa madogo. Alipumua haraka haraka, mdomo wazi, mbavu zinapanda na kushuka, na hewa ni kama haimfikii. Mama alipomfunua mdomo, ufizi wake ulikuwa umegeuka rangi ya matope.

“Amewekewa sumu!” mama akasema. “Ni Mama Auma. Juzi alisema paka wangu amemla kifaranga. Leo atanieleza!”

Mama Auma alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mpole, hana habari. Mama mkwe akachukua mchi wa kinu, huyo, akatoka. Nikamtazama Wandera. Jasho linamtoka, midomo ameibana. Alikuwa ameshaelewa, na mimi nilikuwa nimeshaelewa, lakini ulimi ulikuwa mzito kwetu sote wawili. Mke mpya anaanzaje kumshtaki mume wake kwa mama yake? Mama alikuwa ameshafika langoni kwa jirani, anaita kwa sauti ambayo wapita njia walisimama kutazama. Nilijua mlango ule ukifunguliwa kuna mtu ataumia.

Ndipo Wandera akapiga kelele, “Mama, rudi! Ni mimi! Nimempa dawa ya magoti!”

Mama akashusha mchi. Hakumpiga, na afadhali angempiga. Alirudi polepole, akamtazama usoni.

“Na umesimama hapa ukimwangalia anavyokufa, kwa sababu unaniogopa mimi?” akamwuliza.

Wandera akakimbilia baiskeli yake.

Ilikuwa siku ya soko Bumala, na daktari wa mifugo alikuwa akifika kule kukagua ng'ombe. Nikamfunga Soja kwa leso yangu, nikamweka ndani ya kikapu, nikapanda nyuma. Babu yako alikanyaga ile baiskeli, mwanangu, sijawahi kumwona hivyo tena. Alikuwa anaomba Mungu kwa sauti. Mimi nilikuwa na kiganja changu juu ya mbavu za Soja, na kila zilipochelewa kupanda nilifumba macho. Niliogopa kufika na niliogopa kuchelewa.

Daktari alimfunua mdomo mara moja tu. “Amekula nini?” akauliza.

Wandera akamwambia yote, safari hii bila kuficha.

“Dawa hiyo paka haiwezi kabisa,” daktari akasema. “Mwili wake haujui kuivunja. Inaharibu damu, damu inashindwa kubeba hewa.”

“Lakini nilimpa nusu tu, daktari.”

“Hata kipande kinatosha. Mngekuja asubuhi hii hii, ningejaribu kumtapisha. Sasa hivi sina cha kumrudisha.”

“Na mbwa je?” nikauliza, kwa sababu tulikuwa na mbwa pia nyumbani.

“Mbwa pia. Dawa za maumivu za watu, ziko zinazomtoboa tumbo, ziko zinazomharibu ini na figo. Dawa za watu waachieni watu.”

Soja alikufa mapajani mwangu, hata kabla hatujatoka sokoni. Tuliporudi tulimkuta mama amesimama kando ya barabara. Alipokea kikapu bila kuuliza. Kwa muda mrefu baada ya hapo nilimsikia jioni akiita, “Soja, Soja,” kwa mazoea. Huwa unamcheka babu yako kwamba akitaka kumeza dawa lazima kwanza amfungie Chui nje. Unasema ni uzee. Si uzee, mwanangu, ni Soja.

Kwa hiyo shika neno langu. Mnyama akiumia, usimpe dawa yako ya maumivu, hata nusu, hata robo, hata kama wewe inakusaidia. Usipime mwili wake kwa mwili wako. Mwite daktari wa mifugo, yeye ana dawa zake na anajua kipimo. Na kama tayari umempa, sema. Sema upesi, umwonyeshe daktari pakiti, na usingoje dalili. Sisi hatutakuua. Mama mkwe wangu alikwenda kaburini akisema kidonge kilimuumiza Soja, lakini woga wetu ndio uliomnyima daktari.

Sasa mbona unalia? Hicho kikombe mbona ni kitupu? Fungua mkono, mwanangu.

Ala! Nusu. Nusu nyingine Chui ameshainywa na maziwa, kabla sijakuketisha.

Hapana, usikimbie, njoo. Mimi nimekaa hapa nasimulia, kumbe! Sikuchapi. Umefungua mkono, na hilo Wandera hakuliweza mpaka mchi ulipoinuliwa. Mungu akuzidishie moyo huo, akupe ulimi usioogopa ukweli, na huyo mbwa wako akuachie. Kachukue pakiti ya kidonge hicho, tumpeleke Chui kwa daktari. Babu! Wandera, amka! Washa pikipiki, ni dawa ya magoti tena, lakini leo tumeambiwa mapema.