Mkono wa Kulia wa Mama

Miaka ile ya ruksa ya biashara huria, maduka ya dawa yalipoota kama uyoga Korogwe, nilimteremsha mama kutoka milima ya chai ya Dindira aje kukaa kwangu Kwaluguru, Handeni. Nilikuwa nimekata shauri, na mimi nikikata shauri sisikii la mtu, kwamba ugonjwa wake wa viungo ni baridi tu. Alichuma chai tangu usichana, mikono ndani ya umande kila asubuhi. Jua la Handeni lingeikausha.

Miaka ya nyuma kiharusi kilimpooza mkono wa kushoto, ukafa ganzi. Baadaye ikaja baridi yabisi. Ajabu, iliuandama mkono wa kulia peke yake: vifundo vikavimba, vidole vikapinda upande. Ule wa kushoto, usio na kazi, ulibaki laini kama wa mwari. Niliuchukia. Mama alikuwa na mkono mmoja tu wa kulia chakula, na huo ndio uliokuwa ukiharibika.

Kiangazi kikaisha, vidole vikazidi kupinda. Tukaenda Korogwe kwa daktari. Aliitazama picha ya mifupa, akatueleza taratibu kwamba mishipa ya fahamu haipeleki habari za maumivu tu. Kwenye ncha zake humwaga kemikali ndani ya kiungo, nazo huweza kuzidisha uvimbe na kuziamsha chembe zinazokula mfupa. Mshipa ukinyamaza, kama baada ya kiharusi, wakati mwingine ugonjwa nao hupungua makali. Umande, alisema, ulilowesha mikono yote miwili.

Nikamuuliza kwa ukali kwa nini basi asiinyamazishe na mishipa ya mkono wa kulia. Akajibu kwamba angekuwa anampoozesha mkono uliobaki. Nilitaka kubishana, mama akanikatiza.

"Msamehe, daktari. Mwanangu akiogopa huwa mkali."

Ilikuwa kweli. Niliogopa sana siku ile.

Tulirudi na vidonge vya kutuliza. Jioni maumivu yakampanda hata hivyo. Nikaketi ubavuni pake, nikaushika mkono wa kushoto kama nilivyozoea, nisije nikamtonesha.

"Shika huu mwingine, mwanangu," akasema. "Kwa huo sikusikii ukinishika."

Nikaushika wa kulia. Akakunja uso, machozi yakamtoka. Nilipotaka kulegeza, akanishikilia kwa vidole vile vilivyopinda, hakuniachia.