Mzee wa Vyuma wa Bladensburg

Nilipokuwa mdogo, pale Korogwe sokoni alikuwapo mng'oa meno aliyekaa karibu na wauza dagaa. Hakuwa daktari, alikuwa fundi tu, na koleo lake alilifuta kwa kipande cha kanga. Jino langu la nyuma liliponishinda, baba akanipeleka kwake. Yule bwana wala hakunishika kichwa. Alianza kunihadithia habari za nguruwe mwitu aliyeingia harusini. Nguruwe kaingia, wapishi wamekimbia, bibi harusi kapanda juu ya meza, mimi mdomo wazi nasubiri kujua katolewaje, jamaa kaingiza koleo. Jino hilo. Nililia, lakini zaidi nililia kwa sababu alikataa kunimalizia. "Mwisho wake uko kwenye jino la pili," akasema. Mpaka leo sijui nguruwe yule alifanywaje, na watu wa Korogwe nimewauliza wengi.

Nayasema haya kwa kuwa nimekuja kuona watu wa namna ile wako kote duniani, watu ambao huwezi kuumia mbele yao bila kupewa hadithi. Wa pili nilimkuta Bladensburg.

Sikwenda Amerika kutafuta mzee yeyote. Nilimfuata binti yangu Silver Spring, miaka ya tisini inaishaishia, nikamlelee watoto. Wajukuu wenyewe nikiwaita waje kula wananijibu "One minute, Babu," na dakika yao haina mwisho. Walipoingia shule wote nikabaki mimi na televisheni, na hatukuelewana. Shule yangu iliishia darasa la nne. Kiingereza changu nilikiokota kwa Mgiriki wa shamba la mkonge, ambaye naye alikuwa amekiokota mahali.

Binti yangu alikuwa akihudumia wazee majumbani, na mwenzake wa kazi, mama mmoja Mkenya wa Kisii, ndiye aliyeleta habari.

"Baba, kuna mzee huko Bladensburg amefukuza wasichana wote. Anasema hataki kuinuliwa na mtu ako na kucha ndefu. Anataka mwanaume. Wewe enda tu. Ukishindwa si utarudi, kwani iko nini?"

Nikaenda. Nyumba ndogo ya mbao, ngazi za saruji mlangoni, na ndani mzee wa Kizungu anayekaribia miaka mia, mfupi, kifua kama pipa lililokauka. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Kutoka kitandani kwenda kitini lazima anyanyuliwe. Nikamsalimu, nikainama, nikamtia mikono makwapani, nikavuta. Mgongo wangu ukalia ka! Naye akapiga kelele.

"Nani kakufundisha kunyanyua? Mwizi wa kuku?"

"Samahani, Mzee."

"Anza upya. Sogea karibu. Karibu zaidi, siumi! Kunja magoti, mgongo nyoosha. Sasa simama, kama vile mimi sipo."

Nikasimama, na mzee akapanda nami kama mtoto mchanga. Akanipigapiga begani. "Vizuri, kijana." Kijana! Mimi na mvi zangu mpaka masikioni.

Basi ikawa kila nikimnyanyua lazima anihadithie mashindano yake. Ujanani, karne ile ikiwa bado changa, alikuwa mnyanyua vyuma wa uzani wa kati. Yaani si wale mapande ya watu, wala si wale wembamba, ni wa katikati, "ambao hakuna aliyelipa kiingilio kuja kuwatazama," alisema mwenyewe. Ukumbi umejaa moshi wa sigara na wanaume wenye kofia. Chuma kilinyanyuliwa kwa mkono mmoja, kisha kwa mikono yote miwili. Na sheria yao ilikuwa hivi: ukikifikisha juu, mikono imenyooka, miguu nayo lazima itulie tuli mpaka mwamuzi ashushe kiganja. Yeye alikifikisha. Kikamvuta. Akaenda nacho mbele kama anayefukuza mbuzi, mpaka ukingoni mwa jukwaa, na waliokaa mstari wa kwanza wakatimka na kofia zao.

"Mwamuzi naye kakimbia!" alisema. "Sasa kiganja angekishusha nani?" Akacheka mpaka akakohoa.

"Medali ulipata, Mzee?"

"Nilipata kuchekwa. Kupandisha kila mtu anapandisha, kijana. Haya, simama nacho, utulie!"

Siku nyingine akihadithia, kwenye mstari wa kwanza alikuwamo padri, siku nyingine hayumo. Sikumuuliza.

Kisha binti yake akapiga simu. Naye alikuwa bibi mwenye wajukuu, akiishi mbali, kaskazini. Nyumba itauzwa, akasema, na kabla ya theluji atakuja kumchukua baba yake, na watu wa machela. Siku ile mzee hakula. Akanionyesha mlango.

"Mke wangu alitolewa hapo amelazwa kwenye machela. Alikuwa hai, lakini aliona dari tu. Nyumba yake hakuiona tena. Mimi nitatoka kwa miguu yangu. Utanisaidia?"

Nikasema nitamsaidia, na hapo hapo nikaanza kukosea. Kwetu mzee akiyumba unamdaka, huulizi. Kila alipojaribu kusimama mikono yangu ilikuwa imeshafika. "Toa mikono!" Naitoa. Akiyumba, imerudi. Nikamweleza: Mzee, kwetu kumtazama mtu wa umri wako akihangaika nawe umesimama tu, ni utovu wa adabu, mama yangu angefufuka aje kunizaba kofi. Akafikiri. Asubuhi yake akaniamuru nishike bakuli la uji wa moto kwa mikono miwili, limejaa pomoni, nisimame mbele yake. Nikimdaka, namuunguza.

Akajisukuma. Magoti yanatetemeka, mimi natetemeka, uji unanimwagikia vidoleni.

"Usishushe!" ananiambia.

"Usianguke!" namwambia.

Tunakaripiana kama wake wenza. Akanyooka. Miguu ikatulia. Tukaangaliana, wazee wawili na bakuli moja, kisha tukaula ule uji.

Tukaendelea hivyo, kutoka kitini hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, yeye na kile chuma cha miguu minne cha kutembelea. Mara moja alianguka zuliani. Nikapiga magoti, nikamwinua kwa namna yake. "Umenyanyua safi," akasema. Kuanguka kwake hakukutaja.

Kabla sijafika siku yenyewe, niseme hili. Baada yake nimenyanyua wazee wengi, wa Silver Spring mpaka Annandale, wengine wazito kama mkonge uliolowa, na mgongo huu hauniumi. Nikisujudu nainuka bila kushika kitu. Kila nikiinuka namshukuru Mungu, na yule mzee namkumbuka. Dini zetu zilikuwa mbali mbali. Mimi namwombea dua tu, Mwenyewe Mola anajua pa kuipeleka.

Binti yake alifika majani ya miti yamekuwa mekundu, na vijana wawili wenye machela. Mzee alikuwa amevaa tai.

"Baba, lala hapa."

"Silali."

Akanigeukia mimi. "Mwambie alale."

"Mama, mwache."

"Akianguka?"

"Akianguka nitamnyanyua. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Sijui nilipata wapi ujasiri ule. Mama wa watu akasogea kando. Mzee akaenda na chuma chake cha kutembelea hadi mlangoni, akakiacha hapo, akashika bomba la kushikia la ngazi, akashusha mguu, akautuliza, akashusha mwingine. Alichukua muda wake wote. Pale chini bomba linapoishia akaliachia, akayumba, na mimi mikono nikaibana makwapani mwangu mwenyewe kwa nguvu zangu zote. Akatulia. Kisha akageuka polepole, akaitazama nyumba, madirisha, paa, mlango.

Nilidhani ataniaga. Nilikuwa nimeandaa na maneno yangu ya Kiingereza. Wala. Aligeuka, akaenda zake hadi kwenye gari, akaingia akakaa mbele, akafunga mlango mwenyewe. Gari likaondoka, na Bladensburg hakurudi tena.