Nilivyoupandisha Mti wa Meno Milima ya Mkuyuni

Ndugu zangu wa Mlali, nimesikia kwamba huko nyumbani mnaambiana kuwa mimi, Ramadhani fundi, nimeiba mashine ya Mdachi nikakimbilia milimani. Kuiba sikuiba, na kukimbia sikukimbia. Nilitembea mchana, njia kuu, mzigo begani, na kila aliyenisalimu nilimwitikia. Nisikilizeni kwanza, kisha mwenye kusema na aseme.

Huyo Mdachi, mzungu niliyekuwa nikimfanyia kazi, ana shamba la pamba kando ya Mto Ngerengere, chini ya mji wa Morogoro. Aliagiza kwao Ulaya mashine ya kumwaga samadi, ikaja kwa gari moshi, chuma kitupu. Ilitaka kuvutwa na ng'ombe, na ng'ombe wakafa kwa mbung'o. Mvua zilipoanza ikazama katika udongo mweusi, na watu wakarudia kubeba samadi iliyobaki mazizini kwa matenga vichwani, maji yake yakiwachuruzika mashavuni. Mimi nilichoka kuona vile. Nikamwambia bwana nitamtengenezea nyingine, nyepesi, ya kusukumwa na watu wawili.

Niliunda sanduku la mbao juu ya magurudumu mawili. Nyuma ya sanduku, chini, niliacha mwanya, na katika mwanya ule nikalaza mti mnene niliouchonga meno pande zote. Magurudumu yakizunguka, mti nao unazunguka, na meno yake yanaichambua samadi na kuirusha nyuma ikiwa imesambaa vizuri. Mti huo ndio roho ya mashine. Niliuchonga nyumbani kwangu, kwa mninga wangu mwenyewe. Ukapasuka, nikaanza upya, ukapasuka tena, nikaanza tena, wa tatu ukashika na mashine ikafanya kazi.

Siku walipokuja wageni wake kutoka boma, niliikuta mashine imepigiliwa kibati cha shaba chenye jina la bwana. Akawa anawaeleza kwa Kidachi huku akijigonga kifua. Mpishi wake aliyekuwa karibu yangu akaninong'oneza, "Anasema kaibuni mwenyewe." Nilikuwa nimeshika mpini wa mashine ileile.

"Bwana," nikasema kwa sauti, "mashine hii nimeibuni mimi."

Mgeni mmoja aliyejua Kiswahili akacheka. Bwana hakucheka. "Wewe ni mikono tu," akaniambia. "Huko milimani kwenu hata gurudumu hamlijui. Kesho utaanza kutengeneza nyingine."

"Sitengenezi mpaka uwaambie hawa ni ya nani."

Akanionyesha kiboko kilichotundikwa mlangoni, akasema nikalale nikafikiri. Nilifikiri. Asubuhi nilikwenda, nikauchomoa mti wa meno, nikautia begani. Sanduku, magurudumu na kibati chake nilimwachia, maana mbao zilikuwa zake na shaba yake. Nia yangu ilikuwa moja: mti huu ufanye kazi katika milima yetu, palepale anaposema gurudumu halijulikani, na watu waone na waseme ni wa nani, kabla hajautia mkononi tena. Mke wangu Mwanahawa alikuwa amekwenda kulima kwao, juu ya Mkuyuni. Nikashika njia ya huko.

Morogoro mjini nilipita dukani kwa Bwana Rahimu, Mhindi anayeniuzia misumari. Alipouona mti wangu akaacha kupima nguo.

"Ramadhani, yule bwana atakutafuta."

"Anitafute. Njia ya Mkuyuni ni moja, hatapotea."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na mikanda ya chuma inayofungia marobota ya nguo. "Utavika magurudumu utakayounda huko. Lakini mimi leo sijakuona."

"Mbona unaniona sasa hivi?"

"Toka dukani kwangu, bwana wee!" akasema, na hakunidai chochote.

Kutoka Bigwa, nje ya mji, njia inafuata miguu ya mlima, na kila baada ya mwendo kidogo kuna kijito cha kuvuka. Mti ule ulikuwa mzito na meno yalinichoma shingoni; nikauhamisha bega hili, nikauhamisha bega lile. Wanawake waliokuwa wakirudi kuteka maji waliniuliza kama nimebeba mamba. Nikawaambia ni mamba, ila huyu anakula mavi. Walicheka mpaka mitungi ikamwagika.

Kiroka nilikutana na askari. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, bunduki mapajani, akaniita.

"Hicho nini?"

Ningeweza kumwambia ni mchi, au ni mwimo wa mlango. Lakini nilikuwa nimekwisha apa kwamba mti huu sitausemea uongo, hata kwa mwenye bunduki. "Ni mti wa kumwagia samadi mashambani. Nimeubuni mwenyewe."

Akaunusa, akakunja uso. "Umekwisha tumika?"

"Sana, afande."

"Ondoka nao hapa!" akasema, akajifuta pua. Nilikwenda zangu bila kuongeza mwendo.

Mkuyuni nilifika gulio likiwa limechangamka, ndizi, mihogo na tumbaku vimetandazwa chini, nikanunua kamba nene ya katani. Kutoka hapo ni kupanda. Nyumba ya mama mkwe wangu iko kwenye bega la mlima, mahali ambapo mtu akiangusha nazi inamlazimu aifuate mpaka mtoni. Nilimkuta akipepeta mtama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umetuletea kuni?"

Mwanahawa akatoka ndani, akaona mti, akajua yote kabla sijakaa. "Baba Zena, umegombana na mzungu."

"Nimegombana."

"Umekula?" Nikasema sijala. Akaenda kutia maji ya ugali jikoni, na habari ya mzungu tukaiacha mpaka nishibe.

Siku zilizofuata niliunda sanduku dogo, nusu ya lile la bondeni. Magurudumu niliyakata kwenye gogo, nikayavika mikanda ya Bwana Rahimu. Shemeji yangu Saidi, mdogo wake Mwanahawa, alinisaidia kusomba samadi kutoka zizi la mbuzi la mama mkwe. Hapo ndipo nilipoanza kuadhirika. Samadi ya ng'ombe hushikana, inangoja meno yaichambue. Ya mbuzi ni punje punje. Nilipoitia tu ikaporomoka yote kwenye mwanya, lundo moja, kabla gurudumu halijasogea. Nikaziba sehemu ya mwanya kwa ubao wa kupandisha na kushusha. Nikaijaribu uani. Kufumba na kufumbua mashine ilinitoka mikononi, ikateremka mlima peke yake ikimwaga samadi kama imetumwa, ikaishia kwenye migomba ya jirani.

"Mashine nzuri," Saidi akasema. "Haihitaji mtu."

Nilikasirika siku nzima. Jioni nikafunga kamba mbele na nyuma. Milimani haisukumwi kupanda. Inaanzia juu ya shamba na kuteremka, mmoja ameshika mpini, mwingine amebaki juu na kamba, anaiachia kidogo kidogo. Tulipojaribu tena ikashuka taratibu na samadi ikatawanyika sawasawa. Nikapiga kelele peke yangu uani kama mwehu.

Asubuhi ya kazi yenyewe tulikwenda shambani kwa Mwanahawa, mimi na Saidi, yeye na mama yake wakitufuata na matenga ya samadi. Udongo wa pale umechakaa, mahindi yake huwa mafupi na ya njano. Majirani walikuja kutazama. Nilishika mpini, Saidi akashika kamba juu, tukamaliza robo ya shamba watu wakishangilia. Nilijiona kidume. Ndipo Mzee Madenge akaja.

Mzee Madenge ni mjomba wa mke wangu, ndugu wa mama mkwe, na ndiye mwangalizi wa ardhi ya ukoo wao. Alisimama ukingoni, akatazama chini, akaokota punje ya samadi, akaitazama.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

Hakuitikia. "Nani amekuruhusu kutia kitu hiki humu?"

Ninyi wa Mlali mnaijua sheria yetu kama ninavyoijua mimi. Ardhi ni ya ukoo wa mama. Mume akija kwa mkewe atalima, atapanda mahindi na maharage, atavuna. Lakini hapandi mgomba, hapandi mwembe, hapandi kitu chochote kinachobaki ardhini msimu ukiisha, maana kesho atasema, hiki nilipanda mimi, na hapa ni pangu. Hilo nililijua tangu utotoni. Ila milimani nani amewahi kumwaga samadi mashambani? Sikuwaza kabisa kwamba nayo inahesabiwa.

"Mjomba, sikupanda mti. Nimemwaga mavi ya mbuzi tu."

"Mahindi ya msimu huu yatakula, ya mwakani yatakula, na ya baada yake. Mgomba una tofauti gani? Hii ni ardhi ya lukolo, ya ukoo wetu. Wewe ni mkwe." Akaelekeza fimbo chini. "Zoa. Yote. Punje kwa punje."

"Cha mtu mavi," mzee mmoja akasema nyuma yangu, na wachache wakacheka.

Nawaambia kweli, niliona giza. Nimetoka kunyang'anywa kilicho changu, nimekuja mpaka huku, sasa naitwa mnyang'anyi. "Sizoi," nikasema. Watu wakaguna, maana mzee kama yule hajibiwi hivyo, na mkwe ndiye wa mwisho kumjibu. "Ardhi yenu siitaki hata kiganja. Lakini kuinama mbele za watu kama mwizi, sitainama. Nimekwisha kataa kwa mzungu na hapa nakataa."

Mwanahawa akatua tenga lake, akapita kati yetu, akapiga goti mbele ya mjomba wake. "Mjomba, samadi imetoka zizi la mama. Shamba hili nilipewa na mama. Imwagwe kwa mkono wangu, iwe yetu. Huyu akae nje ya mpaka."

Mzee Madenge akaigusa samadi kwa fimbo. "Na ile iliyokwisha mwagika?"

"Nitaigeuza kwa jembe langu mwenyewe, mbele yako."

Na akaigeuza, robo shamba nzima, na mzee akisimama pale akimwangalia. Kisha akashika mpini wa mashine. Mimi nikapanda juu ya mpaka, kwenye njia ya watu wote, nikapokea kamba kwa Saidi. Sikukanyaga shamba lile tena. Mke wangu akateremka, nikamwachia kamba, meno yakawa yanalia kra kra kra na samadi ikimfuata nyuma mpaka chini. Tukaipandisha, tukaijaza, akateremka tena.

Adhuhuri, kazi ilipokwisha, nilimfuata Mzee Madenge nikiwa na jasho na hasira bado haijaisha. "Mjomba, umelinda chenu na nimekubali. Sasa nami nataka changu. Mti huu ni wa nani?"

Akaomba uchomolewe. Akaupakata, akapitisha kidole kwenye meno, jino kwa jino. "Nani aliuchonga?"

"Mimi."

"Nani aliona?"

"Mimi niliona," Mwanahawa akasema. "Uliopasuka wa kwanza nilipikia, uliopasuka wa pili nikapikia, na vumbi la huu wa tatu nilifagia mpaka mgongo ukaniuma."

Mzee akawageukia watu. "Mmesikia. Ardhi ni ya ukoo. Samadi ni ya dada yangu. Mti ni wa mkwe wetu Ramadhani, aliuwaza yeye na akauchonga yeye." Akanirudishia kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka, na sioni haya kuyasema. Maneno yale yale mafupi niliyomwomba mzungu akanionyesha kiboko, mzee huyu aliyekuwa amenikasirikia asubuhi nzima aliyasema bila kuombwa mara ya pili.

Siku ya kurudi niliuacha mti kwa mama mkwe, majirani wakautumie. Mwanahawa akaniambia nisirudi. Nikamwambia nikijificha nitakuwa mwizi kweli. Akafunga nguo zake akaja nami, na tulishuka Mkuyuni, Kiroka, Bigwa, tukapita mjini bila kupumzika mpaka Ngerengere.

Shambani kwa mzungu mashine ilikuwa imelala chini ya banda. Fundi mwingine alikuwa amejaribu mti wa kwake na meno yamevunjika. Bwana akatoka nje.

"Mti uko wapi?"

"Kwa mama mkwe wangu, juu ya Mkuyuni. Bwana akiutaka, akamwombe."

Nilichapwa. Sitawasimulia maumivu, wengi wenu mnakijua kile kiboko. Walipomaliza, bwana akainama akaniuliza mbele ya vibarua wake wote ni nani aliyebuni mashine, naye alidhani sasa nitajibu kama atakavyo. Nikamwambia ni mimi. Na mke wangu, aliyekuwa amesimama langoni na hakuna aliyemwuliza kitu, akasema, "Mimi niliona." Bwana akaingia ndani akafunga mlango.

Hiki ndicho nilichojifunza safarini: haki ya mtu inakaa kwa walioona na wasioogopa kusema. Mzee Madenge alininyima ardhi na akanipa jina langu. Mzungu alinipa kazi na akataka jina langu. Mgongo wangu unapona. Mwezi ukiandama nitakuja Mlali, nichonge mti mwingine uwanjani kwa mama yangu, mchana, kila mtu akipita. Njooni mkae mtazame tangu panga la kwanza mpaka jino la mwisho, ili siku mtakapoulizwa, msiseme mlisikia.