Namba Saba Juu ya Mbabula

Ninyi tuliokua pamoja katika kambi ya kampuni hapa Kalemie, wakati kila mtu alikuwa bado anaitwa Citoyen, yaani raia, mnakumbuka Jumamosi zetu: sombe ya majani ya muhogo inachemka, visamaki vyetu vya ndagala vinakaangwa, upepo wa ziwa unaingia mpaka chumbani. Tuliruka kamba hadi vumbi linatuingia mdomoni. Halafu tulipanda mlimani kuokota mipira ya golfu ya wakubwa, kwenye uwanja ulioachwa na Wabelgiji, ambako mbuzi walikula majani bila kumwogopa mtu. Watoto wa leo, ukiwatuma chumvi tu, wanakuuliza kwa nini.

Baba yangu alikuwa dereva wa Citoyen Directeur. Kila Ijumaa alirudi na mfuko wa vyuma vya golfu vya bosi wake ili avisafishe. Kazi ilikuwa ya kampuni, nyumba ilikuwa ya kampuni. Ukipoteza kazi, na nyumba imeenda. Hata sisi watoto tulilijua hilo.

Sasa sikilizeni. Ijumaa moja, kile chuma cha mbabula kinachobeba sufuria juu ya makaa kilikatika. Mama akatazama kushoto, akatazama kulia, akachomoa chuma cha golfu namba saba, akakilaza juu ya mbabula na kuteleka sufuria juu yake. Mnajua kusonga bukari, ugali wetu, kunavyotaka nguvu. Mama anasonga, chuma kinakuwa chekundu shingoni, mara kikapinda, sufuria ikalala upande. Mimi nilipiga kelele. Mama alikaa chini kwenye saruji kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Baba akaingia.

"Mama Feza, njo nini hii?"

"Namba saba. Watatufukuza mu nyumba, Papa Feza. Unipige tu, iishe."

Nilifumba macho. Nilijua baba za wenzangu wangefanya nini. Nikasikia: "Feza, leta raporteri yako ya masomo."

Raporteri, kile kiplastiki cha nusu duara cha kupimia pembe! Vijana wa leo wangejikunia mgongo. Baba alisimamisha vyuma kimoja kimoja mlangoni, mpini umenyooka sawa na uzi alioung'iniza na nati mwishoni, na mimi nimelala kifudifudi kwenye saruji, nasoma uso wa chuma umelala kiasi gani. Namba tatu ilisimama karibu kama ukuta. Namba tisa ilijiegemeza kama bwana kwenye kiti cha uvivu. Kila namba ililala zaidi kidogo kuliko iliyotangulia. Ya sita ilisoma thelathini na nne, ya nane arobaini na mbili.

"Basi ya saba njo thelathini na nane," nikasema.

"Na hii yetu?"

"Hamsini na kitu, Papa."

"Mungu wangu! Na hii mpira utaruka kama kuku, juu halafu chini."

Mama akacheka huku analia.

Baba akaipasha moto tena, akaibana kati ya mawe mawili, akaivuta polepole. Tunapima, anavuta, tunapima, mpaka raporteri ikakubali. Pembe ilirudi. Lakini weusi wa shingoni haukutoka, hata kwa majivu na limau.

Kesho yake, mimi niko uwanjani naokota mipira, Citoyen Directeur akapiga na namba saba, mpira ukaanguka pale pale alipotaka. Nikapumua. Ndipo akageuza chuma, akaiona ile shingo nyeusi.

"Nani amefanya hivi?"

Baba angeweza kusema ni mke wake. Ilikuwa kweli! Wanaume wote waliokuwa pale wangemwelewa.

"Ni mimi, Citoyen Directeur. Nilikuwa nasonga bukari, mbabula ikaharibika, nikateleka sufuria juu ya chuma hiki."

"Wewe? Mwanaume muzima? Unasonga bukari?"

"Ndiyo. Na inaiva vizuri."

Jamani! Wakubwa walicheka mpaka wakashika magoti, na abakosti zao, zile suti za wakati ule zisizo na tai. Bosi akacheka hadi hasira ikampotea. Kazi ikabaki, nyumba ikabaki. Lakini tangu siku hiyo, sokoni, stesheni, hata mlangoni mwa kanisa, baba yangu akawa Mama Bukari. Alikuwa anaitika: "Karibuni mezani!" Mama peke yake hakumwita hivyo hata kwa mchezo.

Nilishangaa siku ile. Nashangaa hadi leo, na mwanangu Riziki mgongoni. Maana juzi mume wangu ameunguza shati lake mwenyewe, pasi mkononi mwake, mimi niko bombani nachota maji. Wenzake walipomuuliza, akasema: "Ah, ni Mama Riziki. Wanawake wa siku hizi hawajui kazi." Mbele yangu! Hakuna kazi iliyokuwa inapotea, hakuna nyumba. Shati tu. Na bado alitafuta mtu wa kumbebesha.

Sisemi wanaume wote wa zamani walikuwa kama baba. Nimewaambia jinsi walivyocheka. Lakini mmoja alikuwa nyumbani kwetu, nami nilikua nikidhani kila msichana akiolewa anapewa wa namna hiyo.